Swali la Wingi, Jibu la Wingi: Uchambuzi wa Kisa cha Matembezi ya Nusu Siku Vilimani

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya waongoza watalii, wasimamizi wa matembezi na wageni wanaojiandikisha kwenda kutazama mandhari ya vilima kwa miguu. Jina la mahali, jina la ofisi, mwaka na kila jambo linaloweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Mgeni aliyeumia amesoma maelezo haya na akaridhia yatumike kufundishia. Mimi niliyeandika ndiye niliyekuwa mwongozaji wa nyuma siku hiyo, na baadhi ya makosa yanayochambuliwa hapa ni yangu mwenyewe.

Hakuna aliyepoteza maisha wala aliyebaki na ulemavu. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hiyohiyo. Ajali kubwa huchunguzwa na wengi, ilhali visa vya aina hii, ambapo mtu anarudi na mguu uliofungwa bendeji na kundi linachelewa saa mbili na ushee, husahaulika kabla ya juma kwisha, hali njia iliyopita makosa yake ni ileile inayopitwa na ajali kubwa.

Mazingira

Njia yenyewe ina urefu wa kilomita 9 kwenda na kurudi, na kupanda kwa jumla ya mita 480. Sehemu ya kwanza inapita msituni kando ya kijito, ya pili inakwea mteremko wa nyasi usio na miti, na ya tatu inafuata mgongo wa kilima hadi kwenye jabali la juu ambalo ndilo kivutio cha matembezi, kwa kuwa kutoka hapo bonde lote linaonekana. Kwenye kilomita ya tatu kuna jabali jingine dogo, tunaloliita jabali la chini, linalotazama bonde hilohilo kwa upande mmoja. Udongo ni wa mfinyanzi: ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, na ukilowa huteleza kiasi kwamba hata wenyeji huvua viatu.

Kundi lilikuwa na wageni 9, mdogo kabisa akiwa na umri wa miaka 19 na mkubwa 64. Tulikuwa waongozaji wawili, kiongozi wa mbele, mwenye uzoefu wa miaka mingi katika njia hiyo, na mimi nyuma. Kila mmoja wetu alikuwa na redio ya mkononi. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa kwangu.

Katika kukadiria muda, wengi wetu bado tunatumia kanuni iliyotolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Uskoti, William W. Naismith, inayohesabu saa moja kwa kila maili 3, yaani karibu kilomita 5, na kuongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani karibu mita 600. Kwa njia hii, kilomita 9 zinadai saa 1 na dakika 48, na mita 480 zinaongeza dakika 48, jumla saa 2 na dakika 36. Lakini huo ni muda wa mtu mwenye mazoezi, asiyesimama kupiga picha wala kufunga kamba za viatu. Kwa kundi la wageni ofisi yetu huongeza nusu ya muda huo, ikawa karibu saa 3 na dakika 54. Ukiweka vituo viwili vya dakika 10 wakati wa kupanda, dakika 25 za kukaa juu na pumziko moja la dakika 10 wakati wa kushuka, unapata saa 4 na dakika 49. Tangazo liliwaahidi wageni matembezi ya saa 5, kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana.

Maana yake ni kwamba mpango mzima ulikuwa na akiba ya dakika 11. Hesabu hii niliifanya baada ya kisa. Kabla yake sikuwahi kuifanya, ingawa nilikuwa nimeipita njia hiyo mara nyingi nisizoweza kuzihesabu.

Jambo jingine la kuzingatia ni hali ya hewa. Msimu ule asubuhi huwa nyeupe. Jua linapoipasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda nayo, ikifika juu hupoa na kuwa mawingu, na kuanzia saa sita mchana huweza kunyesha. Kwa sababu hiyo karatasi ya maelekezo ya ofisi ilikuwa na saa ya kugeuka: saa 4:45 asubuhi, popote kundi litakapokuwa. Karatasi hiyo ilikuwa mfukoni mwa kiongozi wa mbele. Wageni hawakuwahi kuisikia.

Mfuatano wa matukio

Tuliondoka saa 1:50 asubuhi badala ya saa 1:00. Wageni wawili walichelewa kufika, na fomu za afya, ambazo zilipaswa kujazwa siku iliyotangulia, zilijazwa pale pale juu ya boneti ya gari. Kiongozi aliwaeleza wageni uzuri wa njia, akawaonya kuhusu kuokota mimea, akaanza safari.

Saa 2:40 tulisimama kituo cha kwanza, kijitoni. Nilifika nyuma nikiwa na mgeni mmoja, mama wa miaka 61, ambaye katika maandishi haya nitamwita Mama tu kama tulivyomwita njiani. Wenzetu walikuwa wamekwisha kaa kama dakika nane. Tulipoketi, Mama aliinama akalegeza kamba za kiatu cha kulia. Viatu vyake vilikuwa vipya, ngozi bado inang'aa, na soli haikuwa na mkwaruzo. Kiongozi akauliza kwa sauti, "Mko sawa?" Kundi likajibu kwa furaha, "Tuko sawa!" Tukainuka. Mama alikuwa amepumzika dakika mbili.

Kituo cha pili kilikuwa saa 3:30, mwanzoni mwa mteremko wa nyasi. Safari hii pengo kati ya mgeni wa kwanza na Mama lilikuwa limefika dakika kumi. Nilikuwa nimemwambia kiongozi kwa redio, "Mama wa nyuma anachoka." Akapunguza mwendo, na alipouliza tena kama tuko sawa, alipata jibu lilelile.

Saa 4:10 tulipita jabali la chini bila kusimama. Bonde lilikuwa wazi kabisa, mto unaonekana hadi unapopinda. Kijana mmoja alitaka kupiga picha, kiongozi akamwambia kwa upole asimalize nguvu za simu, ya kuona yako juu.

Saa 4:45, saa ya kugeuka, tulikuwa tumebakiza kama mita 700. Kiongozi alisimama, akatazama anga, akatungoja. Mbele ya watu wote akamuuliza Mama, "Mama, tunaendelea? Hapo tu, nyuma ya mgongo ule." Nyuso nane ziligeuka kumtazama. Akasema, "Niko sawa, twende."

Tulifika jabali la juu saa 5:15. Saa 5:25 ukungu ulipanda kutoka bondeni ukafunika kila kitu; kwa hiyo mandhari tuliyoyatembelea saa tatu na nusu yalionekana kwa dakika kumi. Tulikaa tukingoja yafunguke, hayakufunguka, tukaanza kushuka saa 5:40. Mvua ilianza saa 6:05 mchana. Saa 6:20, tukiwa kwenye mteremko wa nyasi, tuliona mwako wa radi. Nilihesabu sekunde 12 hadi ngurumo ikasikika. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo radi ilikuwa imepiga kama kilomita nne kutoka kwetu.

Saa 6:30 Mama aliteleza. Mguu wa kulia ulipinda kwa ndani akakaa chini juu ya matope bila kupiga kelele. Tulikuwa tumebakiza kilomita 2.

Kilichoonekana ndani ya kiatu

Sikumvua kiatu palepale. Kiatu cha shingo ndefu huushika mguu ulioteguka, na ukikivua, uvimbe huweza kukuzuia usikirudishe. Nililegeza kamba, nikahakikisha vidole vinahisi na havijapoa, nikambonyeza mifupa miwili ya pembeni mwa kifundo, kisha nikamwomba ajaribu kusimama akinishika. Kanuni zinazotumiwa hospitalini kuamua nani anahitaji eksirei ya kifundo, zilizochapishwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, zinatazama pamoja na mambo mengine kama mgonjwa anaweza kupiga hatua nne. Mama hakuweza kupiga hata moja. Kwangu hilo lilitosha kuamua kwamba hatembei tena siku hiyo.

Kiatu alivuliwa zahanati, nami nilikuwapo. Soksi ilikuwa imeshikamana na kisigino. Ilipotolewa kwa maji ya uvuguvugu, palionekana lengelenge lililopasuka, upana wake kama kizibo cha chupa, ngozi imekunjika upande mmoja kama karatasi iliyolowa, na nyama iliyo chini yake nyekundu mbichi. Nesi alimuuliza limeanza lini. Mama akasema lilianza kuwaka kijitoni.

Kijitoni ni saa 2:40. Alikuwa ametembea karibu saa nne juu ya kidonda hicho, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikanyagia ukingo wa nje wa wayo ili kisigino kisiguse kiatu. Mguu unaokanyaga kwa ukingo wa nje, kwenye mfinyanzi uliolowa, unateremka, ndio mguu unaopinda kwa ndani. Mvua iliufanya utelezi, lakini aliyeuweka mguu tayari kwa kupinda ni lengelenge.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kuondoka saa 1:50 na mpango uleule, kwa kweli haukuwa uamuzi. Hakuna aliyesema, "Tumepoteza dakika 50, tunapunguza nini?" Kiongozi aliniambia baadaye kwamba alidhani tungezifidia njiani. Hili ni kosa la kawaida sana, na ninalielewa, lakini kundi la wageni halifidii muda; mwendo wake ni mwendo wa mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho akiharakishwa huchoka mapema na kuchelewa zaidi.

Uamuzi wa pili ni kulipita jabali la chini. Sababu yake ilikuwa ya kitaalamu kwa namna fulani, maana mwongozaji anayejua kilicho bora hataki mgeni aridhike na cha kati. Ila tukumbuke kwamba wakati ule anga lilikuwa jeupe, na kwamba ndiyo mandhari bora tuliyoyakaribia siku nzima.

Uamuzi wa tatu, wa kuivuka saa ya kugeuka, ndio uzito wa kisa hiki. Kiongozi alikuwa na sababu nne, nami ninaziandika kwa haki kama alivyozitoa. Umbali uliobaki ulikuwa mdogo. Anga lilikuwa bado wazi kwa upande tuliouona. Wageni wengi walikuwa na nguvu na walikuwa wamekuja kwa ajili ya jabali lile. Na aliyekuwa dhaifu kuliko wote aliulizwa, akakubali. Nilipozisikia mara ya kwanza ziliniingia akilini. Zote zilikuwa za kweli, lakini hakuna hata moja iliyohusu safari ya kurudi.

Uamuzi wa nne, wa kuligawa kundi baada ya ajali, ulifanywa ndani ya dakika tano na ninaona ulikuwa sahihi. Tulikuwa kwenye mteremko wa nyasi, mvua inanyesha na radi iko karibu. Kanuni inayofundishwa kuhusu radi ni kwamba ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwako na ngurumo uko hatarini tayari, na usitoke mafichoni mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kuwaweka watu 11 mahali pamoja, wamelowa, kungekuwa kuwaongeza wagonjwa. Kiongozi aliita ofisi kwa redio saa 6:35, akachukua wageni sita akashuka nao, akiwatenganisha hatua kadhaa ili radi ikipiga isiwapate wote. Wageni wawili wenye nguvu walijitolea kubaki nami. Tulimsogeza Mama mita kama thelathini hadi penye bonde dogo, mbali na mti pekee uliokuwa pale, ambao mmoja wao alikuwa ameanza kuuelekea kwa ajili ya kivuli cha mvua.

Hapo tulimkalisha juu ya mikoba yetu mitatu. Jambo hili dogo watu hulisahau. Mtu aliyelowa hupoteza joto haraka sana, kwa kuwa maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kuliko hewa, na aliyekaa juu ya udongo uliolowa anapozwa toka chini hata kama amefunikwa juu. Kwa kupanda mita 480 halijoto hushuka kama nyuzi 3 tu, kiasi ambacho mtu anayetembea hakioni. Anayekiona ni yule asiyeweza kutembea. Tulimvua fulana iliyolowa tukamvika sweta kavu kutoka mfuko wa nailoni, tukamzungushia blanketi la dharura na koti langu. Saa 7:00 alianza kutetemeka, na nilifarijika kwamba anatetemeka, kwa sababu mwili unaotetemeka bado unajipigania. Ninachokiogopa ni mtu aliyepoa kisha akaacha kutetemeka na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Matokeo

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waliokuja na machela walitukaribia bila kutuona. Nilipuliza filimbi mara sita, nikangoja dakika moja, nikarudia. Hiyo ndiyo ishara ya dharura inayotambulika milimani, mipulizo sita kwa dakika, na jibu lake ni mipulizo mitatu. Baada ya kurudia mara ya pili tulisikia mipulizo mitatu chini yetu kushoto, mbali na pale nilipowatarajia. Mama alikuwa amefumba macho, akafumbua akasema, "Hao." Ilikuwa saa 7:25.

Tulikuwa wanane wa kubeba, tukipokezana, na tulifika chini saa 8:35 mchana, yaani saa 2 na dakika 35 baada ya muda uliotangazwa. Wale sita walikuwa wamefika saa 7:15, wakiwa wamelowa lakini wazima, ingawa mmoja alikosa usafiri wake wa kurudi. Eksirei ilionyesha kwamba mfupa haukuvunjika, bali kano za upande wa nje zilikuwa zimevutika sana. Mama alitembea kwa magongo kwa wiki tatu. Kidonda cha kisigino kilichukua muda kama huo kufunga.

Uchambuzi

Nianze na lililofaulu, kwa kuwa lina mafunzo yake. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa kwa mwongozaji wa nyuma, nako ndiko watu huumia. Lingekuwa mbele, lingekuwa tayari limeteremka mita mia mbili. Redio zilifanya kazi pale ambapo simu hazikuwa na mtandao. Kuhesabu sekunde za radi kulitupa sababu ya kuligawa kundi bila mabishano. Na wale wageni wawili waliobaki waliombwa kwa maneno kamili: kila mmoja alielezwa atafanya nini, kwa muda gani, na kwamba anaweza kukataa. Tofauti kati ya ombi lile na maswali yetu ya asubuhi ndiyo iliyonifungua macho.

Mara tatu siku hiyo tuliuliza kuhusu hali ya wageni. Mara mbili tuliuliza, "Mko sawa?" na mara zote mbili tulijibiwa, "Tuko sawa." Swali la wingi hupata jibu la wingi. Anayejibu si mtu, ni kundi, na kundi lenye watu wanane wazima na mmoja anayeumia ni kundi lililo sawa. Ili Mama aseme kweli ilimbidi ajitenge na ile "tu", aseme "mimi" mbele ya watu wasiomfahamu, na kwa kusema hivyo awe sababu ya wote kusimama. Mara ya tatu aliulizwa peke yake, lakini aliulizwa hadharani, jibu likiwa limekwisha wekwa ndani ya swali: hapo tu, nyuma ya mgongo ule. Aliniambia zahanati, "Sikutaka kuwa mtu wa kuwarudisha wenzangu." Sidhani kuna mwongozaji ambaye hajawahi kulifanya swali kama lile. Ni la heshima, lina sauti ya kujali, na halimletei mwongozaji habari yoyote.

Kosa langu mimi liko katika neno moja. Nilisema kwenye redio kwamba Mama "anachoka". Sikuwa nimemuuliza, nilimwona anachelewa nikahitimisha. Dawa ya anayechoka ni kupunguza mwendo, na kiongozi akafanya hivyo kwa uaminifu. Ningesema "anaumia", au hata "anachechemea mguu wa kulia", dawa ingekuwa kusimama na kuvua kiatu. Saa 2:40 lengelenge lile lilikuwa bado ni joto tu kwenye ngozi. Kipande cha plasta ya kitambaa kilichobandikwa vizuri, soksi ikanyooshwa, na kamba zikafungwa ili kisigino kisicheze, ni kazi ya dakika tatu. Plasta ilikuwa mgongoni mwangu. Nilimwona analegeza kamba, na kulegeza kamba ndiko kunakokiruhusu kisigino kipande na kushuka ndani ya kiatu, nikatazama pembeni kwa sababu wenzetu walikuwa wamekwisha inuka.

Hapa ndipo pumziko lilipotuangusha pia. Kituo cha dakika kumi kinachohesabiwa tangu afike wa kwanza humpa dakika kumi asiyezihitaji na humnyima anayezihitaji. Wa mwisho hufika akakuta wengine wanafunga mikoba, na kama ana staha, husema ameshapumzika. Kila kituo kikipita hivyo, pengo huongezeka, na sisi tukiliona pengo tunasema mtu huyu ni mzito, bila kuona kwamba tumemtembeza bila kupumzika.

Kuhusu saa ya kugeuka, naona kosa lilifanyika saa 1:50 asubuhi kuliko saa 4:45. Saa ambayo wageni hawaijui ni siri ya kiongozi, na siri huvunjwa bila shahidi. Kama wangeambiwa mapema kwamba saa 4:45 tunageuka hata kama tumebakiza hatua mia, na kwamba kwa kuwa tumechelewa huenda tusifike juu, basi kugeuka kungekuwa ni kutimiza maneno. Kwa jinsi ilivyokuwa, kugeuka kungeonekana ni kumlaumu Mama, na kiongozi, ambaye ni mtu mwema, hakutaka kumfanyia hivyo. Huruma yake ndiyo iliyompeleka Mama mbele. Nimelifikiria jambo hili kuliko mengine yote.

Kuna wenzetu waliosoma rasimu ya kisa hiki wakasema tatizo ni viatu vipya, basi. Ni kweli viatu vilipaswa kukaguliwa kabla ya kuondoka, na sasa vinakaguliwa. Lakini kama si viatu ingekuwa goti, au kifua, au mtu aliyelala vibaya. Njiani daima yuko mmoja mwenye jambo asilolisema.

Yaliyobadilishwa

Tangazo sasa linasema saa 6, na hatuahidi jabali la juu. Fomu za afya zisipojazwa siku iliyotangulia, mgeni hujaza kwa ajili ya matembezi ya kundi lijalo, si ya hili. Tukichelewa kuondoka kwa zaidi ya dakika 20, mwisho wa safari unakuwa jabali la chini, na jambo hilo hutamkwa kabla hatua ya kwanza haijapigwa.

Saa ya kugeuka huandikwa juu ya fomu na mgeni mwenyewe, kwa mkono wake. Tulijaribu kwanza kuisema kwa mdomo tu, ikasahaulika. Mtu aliyeiandika huikumbuka, na mara nyingi ndiye anayeitaja kabla yetu.

Kituo cha kwanza kimesogezwa hadi dakika 25 baada ya kuondoka, wakati ambapo ngozi inayosuguliwa imeanza kupata joto lakini haijafanya lengelenge. Dakika kumi zinahesabiwa tangu afike wa mwisho. Kiongozi hakai mbele ya kundi kuuliza, mwongozaji wa nyuma hupita kwa kila mmoja, huchuchumaa, na huuliza jambo lenye jibu la mahali: "Kiatu kinakubana wapi?" "Goti lipi linalokusumbua ukishuka?" Swali hili halina nafasi ya "niko sawa". Mgeni wa kwanza niliyemuuliza hivyo, kijana mwenye afya kuliko sote, alinyamaza kidogo kisha akanionyesha kidole gumba.

Jabali la chini sasa ni kituo rasmi cha dakika 15. Wageni hupiga picha hapo wakati anga bado ni jeupe, na asiyetaka kuendelea hujulikana pale, kimya kimya, bila kuitwa mbele ya watu.

Lililobaki bila ufumbuzi ni idadi yetu. Waongozaji wawili wanaweza kuligawa kundi mara moja tu. Mgeni mmoja akitaka kurudi akiwa jabali la chini, mmoja wetu anarudi naye, na wanaopanda wanabaki na mwongozaji mmoja asiye na mtu wa nyuma; akiumia mwingine huko juu, hakuna wa kukaa naye na hakuna wa kuwashusha wengine. Kiongozi wa siku ile anaona wageni wanaobaki, wakiwa chini ya watano, wanaweza kupandishwa na mtu mmoja. Mimi sioni hivyo, na tumelijadili mara nyingi bila kuafikiana. Hadi tutakapopata mwongozaji wa tatu, ofisi imeamua kwamba mmoja akirudi, kundi zima linaishia pale, na uamuzi huo hutangazwa asubuhi, pamoja na saa ya kugeuka, ili pasiwe na mtu wa kulaumiwa ikitokea.